Asiyesikia hasemi: historia ya vituo vidogo vya satelaiti na namna vinavyogawana njia moja

Kila mara rezo inapokatika katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, swali huwa lile lile: mbona kwa jirani imerudi, na huku bado? Jenereta inanguruma, taa za modemu zinawaka, lakini ujumbe haupiti. Familia iliyohama kutoka Masisi inangoja neno moja kutoka kwa wale waliobaki njiani. Muuguzi wa kituo cha afya anangoja jibu juu ya dawa. Wengi husema rezo imekufa. Mara nyingi haijakufa. Iko kwenye mstari, inangoja zamu.

Zamu hiyo ina historia yake. Ilianza zaidi ya miaka 50 iliyopita, wakati wataalamu walipojiuliza swali ambalo kila mtu aliyewahi kutumia foni analijua: watu wengi wakiwa na njia moja tu ya kusemea, nani aseme kwanza?

Foni na kelele yake

Kabla ya simu za mkononi kuenea Kivu, Maniema na Ituri, habari za mbali zilipita kwa foni, ile radio ya mawimbi mafupi iliyokuwa kwenye misheni, hospitali na maduka ya wafanyabiashara. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Mmoja anasema, wengine wananyamaza. Akimaliza anaachia kitufe, mwingine anaanza. Wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika, kelele tu.

Foni ilikuwa na faida moja kubwa: kila mtu aliweza kumsikia mwingine kabla ya kubonyeza. Aliyesikia sauti alingoja. Lakini kwenye satelaiti, sahani ndogo iliyoko Walikale haiwezi kuisikia sahani ndogo iliyoko Shabunda. Zote mbili zinatazama juu, zinapaza sauti kwa masafa mamoja na kupokea kwa masafa mengine, na sauti ya kila moja ikirudi kutoka angani ni dhaifu mno kwa sahani ndogo kuisikia. Kituo kikuu chenye sahani kubwa ndicho kinachowasikia wote. Wadogo wanasema gizani, bila kujua nani mwingine anasema.

Juu ya ikweta

Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, kwa kimo cha karibu kilometa 36,000, kitazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia. Mtu aliye chini atakiona kama kimesimama mahali pamoja. Miaka 18 baadaye wazo hilo likawa kazi. Julai 1963 Marekani ilirusha Syncom 2, satelaiti ya kwanza iliyozunguka sawa na dunia, na tarehe 23 Agosti mwaka ule Rais John F. Kennedy, akiwa Washington, aliongea kupitia satelaiti hiyo na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa ndani ya meli Kingsport bandarini Lagos. Afrika ilikuwapo tangu mwanzo wa historia hii.

Lakini umbali una bei yake. Sauti ya radio huenda kilometa karibu 300,000 kwa sekunde. Kupanda hadi satelaiti na kushuka tena ni safari ya zaidi ya kilometa 70,000, yaani karibu robo sekunde. Kuuliza na kujibiwa ni nusu sekunde. Kwa mtu nusu sekunde ni kidogo. Kwa mashine ni muda mrefu sana. Kabla kituo kimoja hakijajua kwamba kimegongana na kingine, vingine vingi vimekwisha kusema.

Mwanzoni suluhisho lilikuwa kumpa kila mmoja fungu lake. Nchi ilikodi kipande cha masafa kwenye satelaiti, kikawa chake usiku na mchana, hata kama hakuna anayeongea. Algeria ilianza mwaka 1975 kukodi nafasi kwenye satelaiti za shirika la Intelsat kwa ajili ya mawasiliano ya ndani ya nchi. Zaïre ilifuata njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu nyaya hazikuweza kuvuka msitu na mito kutoka Kinshasa hadi miji ya mashariki. Vituo vya wakati ule vilikuwa na sahani kubwa, vilihitaji mafundi na umeme mwingi, na viliunganisha miji mikubwa tu. Kijiji hakikuwa na nafasi hapo.

Intelsat yenyewe iliona hasara ya fungu linalolala. Mwaka 1973 ilianza kutumia juu ya Atlantiki mfumo ulioitwa SPADE. Njia karibu 800 za sauti ziliwekwa pamoja kama viti vya lokali moja. Kituo kilichotaka kupiga simu kilichagua njia iliyo wazi, kikatangaza kwa wenzake, na kikimaliza kikairudisha. Ili matangazo yasigongane, kila kituo kilikuwa na nafasi yake ya milisekunde 1 katika kila milisekunde 50. Vituo viwili vikichagua njia ile ile, kile kilichosikia kwamba mwenzake ametangulia kiliacha na kuchagua nyingine. Hakukuwa na mkubwa wa kuamua. Lakini mfumo huo ulifaa vituo kama 50 vyenye sahani kubwa zinazosikiana. Kwa vituo maelfu vyenye sahani ndogo, ilitakiwa akili nyingine.

Somo kutoka visiwa vya Hawaii

Akili hiyo ilitoka kwenye visiwa. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa karibu na Honolulu, na matawi yake yalikuwa kwenye visiwa vingine. Kati yao ni bahari, na laini za simu zilikuwa ghali na mbovu. Profesa Norman Abramson na wenzake, pamoja na Franklin Kuo, walianza mwaka 1968 kutafuta namna ya kutumia radio. Juni 1971 mtandao wao, ALOHANET, ukaanza kazi.

Kanuni yao iliwashangaza wengi. Hawakumpa mtu fungu, wala hawakupanga zamu. Kila terminali ilipewa ruhusa ya kutuma wakati wowote inapokuwa na neno. Kituo kikuu kikipokea vizuri, kinajibu: nimepata. Terminali isiposikia jibu hilo, inajua kwamba ujumbe umegongana na wa mwingine. Hapo haipaswi kurudia mara moja, kwa sababu mwenzake naye atarudia mara moja na watagongana tena. Kila mmoja anangoja muda uliochaguliwa kwa bahati, kama kupiga kura, kisha anajaribu tena. Kwa kuwa kura zao si sawa, mmoja atatangulia.

Mahesabu yalionyesha udhaifu wake. Ukifanya hivyo, kati ya kila sehemu 100 za njia, zinazobeba ujumbe ulio salama haziwezi kupita karibu 18. Zinazobaki ni ukimya ao mgongano. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza marekebisho madogo: muda ukatwe vipande vilivyo sawa, na kila mmoja aanze kusema mwanzoni mwa kipande tu, si katikati. Hapo wawili wakigongana wanaharibu kipande kimoja badala ya viwili. Kwa badiliko hilo tu, 18 ikawa karibu 37.

Ugunduzi uliofuata ndio unaowahusu zaidi watu wa sehemu ambapo rezo hukatika mara kwa mara. Katika miaka ya 1970 Leonard Kleinrock na Simon Lam, wa chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles, walionyesha kwamba njia ya namna hii inaweza kuanguka kwa sababu ya haraka ya watumiaji wake. Wengi wakijaribu kwa pamoja, wanagongana. Waliogongana wanarudia, wanaongezeka juu ya wapya, wanagongana zaidi. Njia inajaa sauti, lakini hakuna ujumbe unaofika. Ni kama watu waliosukumana mlangoni. Mlango uko wazi, na hakuna anayepita. Dawa ni kurefusha muda wa kungoja kila mara unaposhindwa. Robert Metcalfe, aliyesoma kazi ya Abramson, alitumia dawa hiyo kutoka mwaka 1973 alipobuni Ethernet, mfumo wa nyaya ambao hadi leo unaunganisha kompyuta katika ofisi za dunia nzima.

Kupiga hodi kwanza

Hatua iliyofuata ilikuwa ya busara ya nyumbani. Kama maneno yote yakigongana tunapoteza mengi, basi tupige hodi kwa neno fupi, tupewe nafasi, kisha tuingie na mzigo. Neno la hodi likigongana na la mwingine hasara ni ndogo. Mzigo mkubwa husafiri baadaye katika nafasi iliyoandikwa kwa jina la mwenyewe, bila kugongana na mtu. Mapendekezo ya namna hiyo yaliandikwa mwaka 1973, na kutoka mwaka 1975 mtandao wa majaribio SATNET ulitumia satelaiti ya Intelsat juu ya Atlantiki kuunganisha kituo cha Etam kule Marekani, Goonhilly kule Uingereza na Tanum kule Sweden. Wote waligawana njia moja ya kilobiti 64 kwa sekunde.

Meli nazo zilifuata. Satelaiti za Marisat, zilizorushwa mwaka 1976, ziliruhusu meli kupiga hodi kwenye njia ya pamoja, kisha kupewa njia yake ya kuongea. Katika mfumo wa Inmarsat uliokuja baadaye, hodi ya meli iliyo hatarini ilipewa haki ya kutangulia mbele ya nyingine zote. Tukumbuke hilo, maana linarudi mwishoni.

Upande wa afya, vijiji vya Alaska vilitangulia. Kutoka mwaka 1971 wahudumu wa afya katika vijiji zaidi ya 20 walitumia satelaiti ATS-1, yenye njia moja ya sauti ya kugawana, kuongea na daktari kila siku. Kabla ya hapo walitegemea radio ya mawimbi mafupi, ambayo siku nyingi haikupita. Mmoja wa waliopima matokeo ya kazi hiyo alikuwa Edwin Parker wa chuo kikuu cha Stanford. Baadaye Parker alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni Equatorial, ambayo katika miaka ya 1980 ilisambaza sahani ndogo za kupokea habari zenye upana wa sentimita 60 hivi, kisha zile za kupokea na kutuma. Mwaka 1987 maduka ya Walmart kule Marekani yalimaliza kuunganishwa kwa mtandao mkubwa wa sahani ndogo. Ndipo jina VSAT likaenea: kituo cha satelaiti chenye sahani ndogo, ile ambayo mafundi wa Goma na Bunia wanaifunga juu ya paa la hospitali, benki ao ofisi ya shirika.

Mwaka 2000 kanuni za vituo hivyo ziliandikwa kwa pamoja huko Ulaya kwa jina DVB-RCS, zikafuatwa na toleo la pili miaka 11 hivi baadaye. Kampuni mbalimbali zina mifumo yao, lakini hatua kubwa zinafanana.

Kituo kinavyojiunga leo

Fundi akimaliza kuelekeza sahani na kuwasha modemu, kitu cha kwanza ambacho modemu inafanya ni kunyamaza na kusikiliza. Inatafuta sauti ya kituo kikuu kutoka satelaiti. Ikiipata, inasoma matangazo yanayorudiwa kila wakati: mtandao huu ni upi, saa ya pamoja inasemaje, na nafasi ya kupiga hodi iko wapi.

Saa hiyo ni roho ya kazi yote. Njia ya kurudi imekatwa vipande vidogo vya muda, na kila kituo lazima kisauti chake kifike satelaiti ndani ya kipande chake. Lakini vituo haviko umbali mmoja. Kituo cha Muanda na kituo cha Bunia vinaitazama satelaiti ile ile kutoka pembe tofauti, na tofauti ya umbali ni ya milisekunde. Kwa hiyo modemu inahesabu: mimi niko hapa, satelaiti iko pale, basi nianze kusema kabla kidogo ao baada kidogo. Ndiyo maana fundi anapofunga kituo anaandika mahali kilipo. Akikosea sana, hodi inafika nje ya kipande chake na kituo kikuu hakiipokei. Satelaiti nayo haisimami kabisa. Inayumba kilometa makumi kadhaa mahali pake, kwa hiyo marekebisho hayaishi.

Kisha modemu inapiga hodi, neno fupi lenye namba yake, katika nafasi iliyo wazi kwa wote. Hapa kanuni ya Hawaii inarudi jinsi ilivyo. Isipojibiwa, inangoja kwa kura na kurudia. Ikisikika, kituo kikuu kinaangalia kama namba hiyo imeandikishwa, kisha kinaijibu: jina lako ndani ya mtandao ni hili, tangulia kidogo, punguza nguvu ya sauti, sogeza masafa kidogo. Modemu inarekebisha, inatuma tena, inarekebishwa tena, mpaka inakaa sawa.

Sasa iko ndani, lakini bado haina nafasi kubwa. Kila mara inapokuwa na mzigo inaomba: nina kiasi hiki cha kutuma. Kituo kikuu kinakusanya maombi ya wote na kutangaza mpango mpya mara kadhaa kwa sekunde: kipande hiki cha fulani, kile cha fulani. Fungu ni za namna tatu. Kuna lililohakikishwa, ambalo mwenyewe analipia atumie asitumie. Kuna linalotolewa kwa kuomba, hadi kiasi fulani. Na kuna masalio, yanayogawiwa waliobaki baada ya wengine kushiba.

Juu ya yote kuna kanuni moja kali: asiyesikia hasemi. Kituo kikipoteza saa ya pamoja, hata kama ni kwa sababu ya wingu tu, kinapaswa kuzima sauti yake mara moja. Kikiendelea kusema bila saa, kitaanguka juu ya nafasi za wengine na kuwaharibia wote.

Rezo ikikatika

Sababu za kukatika ni nyingi, na Kongo inazo karibu zote. Mvua kubwa inanyonya mawimbi, hasa yale ya masafa ya juu yanayotumiwa na sahani ndogo. Milima ya Kivu ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi. Karibu na tarehe 21 Machi na mwishoni mwa Septemba, jua linapita nyuma kabisa ya satelaiti zilizo juu ya ikweta, na kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo, kelele yake inafunika sauti ya satelaiti. Mafuta ya jenereta yanaisha. Sahani inasukumwa na upepo. Na mara nyingine hakuna kosa lolote hapa: vituo vikuu vingi vinavyohudumia Kongo viko Ulaya, na dhoruba ya kule inaweza kuzima ofisi ya Beni yenye anga safi. Ndiyo pia sababu ujumbe kutoka sahani ya Goma kwenda sahani ya Bukavu, ng'ambo ya ziwa lile lile, unaweza kupanda angani, kushuka Ulaya, kupanda tena na kushuka Bukavu.

Kwa mvua kuna dawa. Kutoka mwaka 2005, kanuni za DVB-S2 ziliruhusu kituo kikuu kubadilisha namna ya kusema kwa kila kituo. Anga likiwa safi, kinasema haraka. Mvua ikinyesha, kinasema polepole na kwa kurudia ili kisikike. Mtumiaji anaona rezo imekuwa nzito, lakini haijakatika.

Ikikatika kwa sekunde chache, kituo kikuu kinaweza kumtunzia mtu wake nafasi. Ikipita muda uliowekwa, kinamfuta, na itabidi aanze tena kutoka hatua ya kwanza: kusikiliza, kupata saa, kupiga hodi, kurekebishwa, kuomba. Kituo kimoja kikirudi peke yake, kazi hiyo ni ya muda mfupi. Lakini kituo kikuu chenyewe kikizimika na kuwaka tena, vituo maelfu vinasikia saa ile ile kwa wakati mmoja, na vyote vinataka kupiga hodi. Ni mlango wa Kleinrock na Lam. Kituo kikuu kinajilinda kwa kutangaza kwamba vituo vingoje kwa kura ndefu, ao kwa kuongeza nafasi za hodi kwa muda. Hapo ndipo jirani anarudi kwanza na wewe baadaye. Si upendeleo, ni kura.

Ndiyo maana mafundi wanasema modemu isizimwe na kuwashwa kila dakika 2. Kila ikizimwa, inatupa hatua ilizokwisha kupita na kuanza upya. Simu nazo zina zamu yao nyuma ya modemu. Antene nyingi za vijijini zinabebwa na satelaiti, na mzigo wote uliongoja wakati wa kukatika unatoka kwa pamoja. Ujumbe mfupi wa maandishi unajipenyeza kwenye nafasi ndogo. Video inangoja, na kutuma video ile ile mara 5 kunarefusha mstari wa wote.

Utafiti haujasimama. Mwaka 2007 wataalamu wa shirika la anga la Ulaya walionyesha namna ambayo kituo kinatuma hodi yake mara mbili katika vipande tofauti. Nakala moja ikifika salama, kituo kikuu kinaifuta ile nyingine kutoka kwenye mgongano, na aliyegongwa nayo anasikika. Kelele ambayo Abramson aliitupa imeanza kusomwa.

Kivu na miaka yake

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na watu laki kadhaa wakakimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Tarehe 25 Februari mwaka ule ule, Radio Okapi ilianza kutangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba. Satelaiti ndiyo iliyounganisha Kinshasa na vituo vya mikoani, hata nchi iliyokatwa na vita ikasikia habari moja. Utangazaji una bahati yake: mmoja anasema, wote wanasikiliza, hakuna mgongano. Ugumu unaanza pale wote wanapotaka kujibu.

Kebo ya bahari WACS iliunganishwa Muanda mwaka 2013, lakini Muanda ni pwani ya Atlantiki, na mashariki ni mbali. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Siku 5 baadaye wakaaji wa mitaa mingi ya Goma waliambiwa waondoke, wakaenda Sake, Minova, Bukavu, Rutshuru na Rwanda. Januari 2025 vita viliingia Goma, na kambi za pembeni ya mji zikatawanyika. Kila mara familia zilipotezana njiani, na kila mara simu ilikuwa kitu cha kwanza kutafutwa baada ya maji.

Kwa saa kama hizo kuna mashirika yanayokuja na sahani zao. Télécoms Sans Frontières, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1998, hufunga vituo vya muda baada ya maafa. Ndani ya Umoja wa Mataifa, PAM ndilo linaloongoza kundi la mawasiliano ya dharura. Sahani moja inaweza kufungwa ndani ya siku moja. Lakini njia inayoitumia angani ni ile ile inayogawanywa.

Sasa kuna satelaiti za chini, zinazozunguka kwa kimo cha kilometa 550 hivi, ambapo kuuliza na kujibiwa hakufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 2024 mamlaka ya posta na mawasiliano, ARPTC, ilikataza kutumia Starlink bila leseni. Mwaka 2025 leseni ikatolewa. Umbali umepungua, lakini satelaiti hizo hazisimami. Sahani inalazimika kuhama kutoka moja hadi nyingine kila baada ya muda mfupi, na wote walio sehemu moja bado wanagawana fungu moja la anga lao.

Nani anapewa fungu gani

Mashine zimefundishwa kungoja kwa haki. Kura ya hodi haijui nani tajiri. Lakini baada ya hodi, mpango wa mgawo unafuata kile ambacho watu waliandika walipolipia. Benki imelipia fungu lililohakikishwa. Ofisi kubwa imelipia la kuomba. Kituo cha afya cha kijijini na chumba cha simu cha kambini mara nyingi vimelipiwa masalio, pamoja na wengine wengi. Siku ya kawaida hakuna anayeona tofauti. Siku ya lava ao ya risasi, ambapo wote wanaomba kwa pamoja, masalio hayabaki.

Kwa hiyo kamati ya kambi, padri, mkuu wa shule ao muuguzi mkuu anayeletewa sahani mpya ana maswali matatu ya kumuuliza anayeileta, kabla ya kushukuru na kupiga picha. Fungu letu lililohakikishwa ni kiasi gani? Tunagawana na vituo vingapi? Na rezo ikirudi baada ya kukatika kwa wote, nani anatangulia? Meli iliyo hatarini ilipewa haki ya kutangulia miaka mingi iliyopita, kwa sababu mtu fulani alidai iandikwe. Kituo cha afya kinachongoja jibu juu ya mama anayejifungua kinaweza kuandikwa vile vile. Mashine itafuata.